Anga Chini ya Kuba: Mtoto wa Makoko na Ukweli wa Nyota

Planetariamu ni ukumbi wa duara wenye paa la kuba ambalo juu yake huangazwa mfano wa anga la usiku: nyota, sayari, mwezi na jua vikienda kama anavyoviona mtu aliyesimama ardhini. Kwa nusu saa tu mwanafunzi anaweza kuona usiku mzima ukipita, mwezi ukikua na kupungua, na mwaka ukigeuka. Lakini chombo hiki kina jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka. Kinafundisha kwa kuonyesha mambo ambayo hayako hivyo. Ndani ya kuba dunia imetulia katikati na mbingu ndiyo inayozunguka. Nyota zote ziko kwenye ukuta mmoja, umbali uleule kutoka kwa mtazamaji. Tangu Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543, elimu ya falaki imekuja hatua kwa hatua kusema kinyume cha hayo. Kwa hiyo kila onyesho linaloandaliwa kwa watoto wa shule hubeba swali la kifalsafa, na penye imani swali hilo huwa la kidini pia: je, ni halali kumpa mtoto sura ya jambo kabla ya kumpa ukweli wake? Na ikiwa ni halali, mtoto wa miaka 6, wa miaka 12 na wa miaka 17 wapewe kiasi gani kila mmoja?

Makoko ni mahali panapofaa kulipimia swali hilo. Kata hii ya Manispaa ya Musoma iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kwa miongo mingi imekuwa mahali pa masomo. Hapa ipo seminari ndogo ya Mtakatifu Pius wa Kumi, na hapa wamisionari wa Maryknoll na wageni wengine walikuja kujifunza Kiswahili. Wakatoliki hawako peke yao. Wamennonite walianza kazi Shirati, katika mkoa huuhuu wa Mara, mwaka 1934. Waadventista wana mizizi mirefu. Waislamu wana misikiti na madrasa. Na koo nyingi bado zinakumbuka mila za Wakwaya, Wajita, Waruri, Wazanaki na Wakurya. Watoto wa nyumba hizo zote hukaa dawati moja. Maelezo yatakayotolewa chini ya kuba yatawafikia wote kwa wakati mmoja, na jioni watayabeba kwenda nyumbani kwa wazazi wanaosali kwa namna tofauti.

Planetariamu ya zamani kuliko zote ambayo bado inafanya kazi ilizaliwa kutokana na hofu ya kidini. Mwaka 1774, huko Friesland nchini Uholanzi, mhubiri mmoja aitwaye Eelco Alta alisambaza kijitabu kikidai kwamba tarehe 8 Mei mwezi na sayari kadhaa, ambazo siku hiyo zingeonekana karibu karibu angani, zingegongana na kuitoa dunia kwenye njia yake. Watu walitaharuki. Mjini Franeker aliishi fundi wa kuchana sufu, Eise Eisinga, aliyejifunza hisabati na falaki kwa juhudi zake mwenyewe. Badala ya kubishana na mhubiri, alianza kujenga katika dari ya sebule yake mfano wa jua na sayari zilizojulikana wakati huo, zikisukumwa na magurudumu ya mbao yanayoendeshwa na saa ya pendulamu. Alimaliza mwaka 1781. Zohali ya dari hiyo huchukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja, sawasawa na Zohali yenyewe. UNESCO iliiingiza nyumba hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Kazi ya Eisinga haikulenga kuwapokonya jirani zake dini. Aliwaondolea woga uliokuwa umevaa vazi la dini. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwelezaji wa kuba anayeisahau huharibu kazi yake pande zote mbili.

Planetariamu ya kisasa, yenye mtambo wa kurusha mwanga kwenye kuba, ilibuniwa katika kiwanda cha Zeiss mjini Jena na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Munich mwezi Oktoba 1923. Kumbi kubwa za aina hiyo ni ghali, na chombo kinachoweza kuufikia mji kama Musoma ni kuba la kupulizwa: kitambaa kizito kinachojazwa hewa na feni, projekta yenye lenzi pana ikiwekwa katikati, na watoto kama 25 au 30 wakiketi chini. Kinachohitajika ni darasa lenye dari ya juu au bwalo, umeme usiokatika, na mtu anayejua kusema. Nchini Kenya, Susan Murabana na Chu Owen walianzisha Travelling Telescope mwaka 2014, wakizunguka mashuleni na darubini pamoja na kuba la aina hii. Kwa upande wa Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ametumia miaka mingi kuwafikishia wananchi elimu ya anga. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, ambako kulionekana kama pete ya moto huko Rujewa mkoani Mbeya, kulivuta umati wa watu wa kila umri. Kiu ipo, basi. Kinachobaki ni namna ya kuikata.

Jambo la kwanza ni anga lenyewe. Maonyesho mengi yanayouzwa na vyombo hivi yametengenezwa Ulaya na Marekani, na huanza kwa Nyota ya Kaskazini, ile ambayo nyota nyingine zote zinaonekana kuizunguka. Makoko iko takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini haionekani huko. Imejificha chini kidogo ya upeo wa macho. Ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo, moja upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini, na nyota huchomoza wima mashariki, zikapanda moja kwa moja na kuzama wima magharibi. Karibu kila nyota ya anga zima, ya kaskazini na ya kusini, hupita mbele ya macho ya mtu wa Makoko katika mwaka mmoja. Mtu wa London hajapata kuuona Msalaba wa Kusini kutoka nyumbani kwake, na mtu wa Cape Town haioni Nyota ya Kaskazini wala jirani zake. Mwezi mchanga wa Makoko huonekana umelala chali, pembe zote mbili zikielekea juu, wakati ule wa vitabu vya Ulaya umesimama ubavu. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na hufika hapo karibu saa 6:45 mchana badala ya saa 6 kamili, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, mbali mashariki ya Musoma.

Mwelezaji anayewaonyesha watoto hawa anga la Chicago anafanya kosa zito kuliko kukosea jina la nyota. Anawafundisha kwamba ukweli wa mbinguni unakaa mahali pengine, na kwamba macho yao usiku uliopita yaliwadanganya. Macho hayo yanajua mengi. Watoto wa wavuvi wa dagaa wanazifahamu hesabu za mwezi kabla ya kuzisoma: wavuvi hutumia taa kuwavuta dagaa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotawala ziwani taa hazivuti, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Mtoto ambaye baba yake hulala nyumbani wakati wa mwezi mpevu na hutoka usiku wa giza tayari ana kalenda ya falaki. Wazee nao waliangalia kuzama na kuzuka kwa kundi la nyota liitwalo Kilimia ili kujua majira ya mvua na ya kulima. Onyesho la Makoko linapaswa kuanzia kwenye mambo hayo.

Baada ya hapo ndipo suala la umri linapokuja. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba mtoto mdogo huamini mwezi unamfuata anapotembea na kwamba vitu vya angani vina uhai au vimetengenezwa na watu. Lakini utafiti unaohusu zaidi kuba ni ule wa Stella Vosniadou na William Brewer, uliochapishwa mwaka 1992. Waliwahoji watoto 60 wa darasa la kwanza, la tatu na la tano nchini Marekani kuhusu umbo la dunia. Wengi walijibu upesi kwamba dunia ni duara. Walipoulizwa zaidi, ilibainika kwamba baadhi yao walikuwa na picha ya tufe lenye uwazi ndani: watu wanaishi kwenye sakafu tambarare ndani ya mpira, na anga ni nusu ya juu ya mpira huo inayowafunika. Wengine walikuwa na dunia mbili, moja tambarare wanayoikanyaga na nyingine ya duara iliyoko juu angani. Uchunguzi wa baadaye nchini India ulikuta watoto waliochanganya somo la darasani na simulizi za nyumbani kuhusu dunia inayokaa juu ya maji.

Tufe lenye uwazi, sakafu tambarare, anga kama kifuniko: hiyo ni picha kamili ya planetariamu. Mtoto wa miaka 6 anayeingizwa ndani ya kuba, akaambiwa kwa haraka kwamba dunia ni duara na kisha akaonyeshwa nyota ukutani, anaweza kutoka na uthibitisho wa kosa lake. Kila neno aliloambiwa lilikuwa kweli. Sura aliyoona ndiyo iliyompotosha. Kwa hiyo darasa la awali na la kwanza halihitaji umbo la dunia wala jina la sayari ya mwisho. Linahitaji kuangalia: jua linapozama ni upande gani, mwezi wa leo na wa kesho kutwa una tofauti gani, nyota zipi zinatangulia kutokea. Dakika 20 zinatosha, taa zikipunguzwa polepole ili wadogo wasiogope, na kabla ya kutoka waambiwe wazi kwamba walichoona ni picha iliyotoka kwenye mashine, na kwamba nyota zenyewe ziko nje.

Kati ya darasa la nne na la saba mtoto anaweza kushika mambo mawili yanayopingana kwa macho na kuyapatanisha kwa akili. Hapo ndipo kuba linapofanya kazi yake bora. Mwelezaji aonyeshe kwanza nyota zikizama upande wa ziwa, kisha aeleze kwamba aliyesogea ni mtazamaji: kwa kuwa Makoko iko karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaibeba kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, karibu kasi kubwa kabisa inayowezekana juu ya uso wa dunia. Masomo haya hutolewa kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma, na onyesho lililorekodiwa kwa Kiingereza halifai hapa, hata picha zake zikiwa nzuri namna gani. Mtoto wa umri huu anauliza maswali mazito, naye ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoota nayo.

Wanafunzi wa sekondari hukutana na mfumo wa jua katika Jiografia ya kidato cha kwanza. Kwao ukuta wa kuba unaweza kubomolewa kabisa. Nuru ya mwezi hufika kwa sekunde 1.3, ya jua kwa dakika 8 na ziada. Nyota za Alpha Centauri, zinazopanda hadi kama digrii 30 juu ya upeo wa kusini wa Makoko, ziko umbali wa miaka 4.4 ya nuru, na Kilimia ni kama miaka 440. Nyota zilizoonekana kukaa ukuta mmoja zinatawanyika katika kina kisicho na mwisho unaojulikana, na kila moja inaonekana kama ilivyokuwa zamani zake. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Katika darasa la waseminari, au la vijana wa madrasa waliokua, takwimu hiyo haitapita kimya. Mtu atauliza habari za siku sita za uumbaji, na ni vema akauliza.

Hapa inafaa kurudi kwenye uhalali wa kutoa ukweli kwa viwango. Wanafikra wa dini walilitafakari jambo hili zamani. Ibn Rushd wa Cordoba, katika karne ya 12, alifundisha kwamba watu hufikia usadikisho kwa njia tofauti: wengine kwa maneno yenye mvuto, wengine kwa majadiliano, wachache kwa uthibitisho wa hoja, naye alionya kwamba tafsiri nzito zisimwagwe mbele ya wasioweza kuzibeba. Kwa upande wa Ukristo, Galileo aliandika mwaka 1615 kwa Christina wa Lorraine akitetea kwamba Maandiko husema juu ya jua kwa namna watu wanavyoliona, kwa kuwa shabaha yake ni wokovu na hayakuandikwa kufundisha falaki. Alijiegemeza kwa Agostino, Askofu wa Hippo, aliyekuwa amewaonya Wakristo zaidi ya miaka 1,000 kabla wasijiaibishe kwa kutumia Maandiko kusema upuuzi kuhusu nyota mbele ya watu wanaozijua. Galileo alihukumiwa hata hivyo, mwaka 1633. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani makosa ya kesi hiyo mwaka 1992.

Hoja ya Ibn Rushd ina nguvu, ila ina upungufu mmoja ikipelekwa shuleni. Yeye aliwagawa watu kwa maumbile yao, na aliyewekwa tabaka la kwanza angeweza kubaki humo maisha yake yote. Mtoto hakai tabaka moja. Huyu wa darasa la kwanza atakuwa kidato cha tatu baada ya muda si mrefu, na kile alichoambiwa leo atakipima siku hiyo. Kipimo cha haki, basi, ni hiki: jambo linalosemwa kwa mdogo liwe pungufu, lakini lisiwe la uongo, ili miaka ijayo liongezwe bila kung'olewa. Kumwambia mtoto kwamba jua linachomoza upande wa nchi kavu na kuzama upande wa ziwa ni ukweli pungufu, utaongezewa. Kumwambia kwamba jua linaizunguka dunia ni uongo. Utang'olewa, na siku utakapong'olewa unaweza kung'oa pamoja nao imani kwa mwalimu, na wakati mwingine imani kwa Mungu aliyetajwa katika sentensi hiyohiyo.

Hatari hiyo ya mwisho ndiyo inayowahusu zaidi viongozi wa dini. Mtu akimwambia mtoto kwamba mvua ni ya Mungu na mwingine akamwambia ni mvuke wa ziwa, mtoto si lazima achague. Mwana wa Butiama aliyezaliwa mwaka 1922 alipewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua wa Wazanaki. Alisoma shule ya Mwisenge hapo Musoma, akabatizwa akawa Julius Nyerere, akaishi Mkatoliki mwenye kusali bila kulitupa jina lake la kwanza. Akili ya mwanadamu ina nafasi ya maelezo ya namna zaidi ya moja, mradi kila moja likae mahali pake. Maelezo ya jinsi jambo linavyotokea hayajibu kwa nini lipo hata kidogo.

Ndiyo maana mwelezaji wa kuba ana mipaka miwili. Asitumie giza na muziki kuwaambia watoto kwamba sayansi imemwondoa Mungu, kwa sababu hakuna projekta inayoonyesha hilo. Vilevile asitumie mshangao wao kama uthibitisho wa imani yake. Mfano bora wa kiasi ni Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji ambaye mwaka 1927 aliandika juu ya kutanuka kwa ulimwengu, na mwaka 1931 akatoa wazo la chanzo chake kimoja kidogo mno. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipohutubia mwezi Novemba 1951 kana kwamba nadharia hiyo inathibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia ile ilisimama nje ya mabishano ya kidini, na aliyeamini na asiyeamini walikuwa huru mbele yake. Alikuwa padre, na alijua kwamba imani inayofungwa kwenye nadharia ya leo itayumba nadharia ikibadilika.

Onyesho la Nyota ya Bethlehemu, ambalo kumbi nyingi za Magharibi hulitoa kila Desemba, linaweka mipaka hiyo wazi. Kuba lina uwezo wa kurudi nyuma hadi mwaka 7 kabla ya Kristo na kuonyesha Mshtarii na Zohali zikikaribiana mara tatu, tukio ambalo Kepler alilihesabu mwanzoni mwa karne ya 17. Mashine inaweza kusema sayari zilikuwa wapi. Haiwezi kusema Mamajusi walielewa nini, wala kama nyota ya Injili ya Mathayo ilikuwa hiyo. Kwa Waislamu hali ni ileile: kuba linaonyesha ni jioni gani mwezi mwandamo unaweza kuonekana magharibi juu ya ziwa na jioni gani hauwezi, ila uamuzi wa kufunga kwa kuandama kwa hapa au kwa taarifa ya nchi nyingine ni wa kifiqhi. Waadventista huianza Sabato jua linapozama Ijumaa, na Wakatoliki huihesabu Pasaka kwa mwezi mpevu unaofuata siku ya usawa wa usiku na mchana. Dini zote hizi zinaangalia anga moja kupanga ibada, na ni heri watoto wakalijua hilo wakiwa pamoja.

Wakuu wa shule, maparoko, wachungaji na maimamu wa Musoma watakaoletewa kuba wanaombwa mambo machache. Wachague juma la mwezi mwandamo au la giza, ili usiku wa siku hiyohiyo watoto wapelekwe ufukweni pamoja na wazazi kuziona nyota zenyewe. Watenganishe madarasa, watoto wa awali wasichanganywe na kidato cha pili kwa ajili ya kuokoa muda au mafuta ya jenereta. Wadai anga la Makoko na maelezo ya Kiswahili. Na kila onyesho liachiwe angalau muda wa nusu yake kwa maswali, taa zikiwa zimewashwa na mwelezaji akiwa tayari kutamka kwamba swali fulani ni la mzazi, la padre, la mchungaji au la sheikh. Kuba lisiloweza kutimiza hayo lisubiri, kwa kuwa anga la Makoko lipo kila usiku na halitozi kiingilio.